Siku Wanaume Walipofuata Pombe Kwenye Chekechea ya Mme Makhauta

Muulize mtoto yeyote wa kijiji chetu cha Ha Phallang nani alimfundisha kufunga vifungo vya koti, atakwambia Mme Makhauta; Mme kwetu ni mama, kama Ntate alivyo baba. Nani alimfundisha kunawa kabla ya kula? Mme Makhauta. Nani alimwambia kwamba kondoo ukimtazama sana machoni anaona aibu? Huyohuyo. Hilo la mwisho nilikuwa silikubali, lakini nimejaribu mwenyewe na kweli kondoo anageuza uso, sijui kwa nini, msiniulize.

Mimi pia ni wa kwake. Nililetwa pale chekechea nikiwa mgongoni kwa dada yangu, nimefungwa blanketi, kamasi mpaka kidevuni. Baadaye nikamleta mdogo wangu Katiso, naye kamasi mpaka kidevuni. Kwa hiyo ninapomsimulia huyu mama nasimulia mtu wa nyumbani, na nikianza kumsifu mnivumilie tu.

Ni mfupi. Ni mfupi kiasi kwamba akisimama nyuma ya sufuria la shule unaona kofia ya nyasi tu, ile kofia yetu yenye ncha, na sauti inatokea chini yake. Sauti sasa! Akiita mtoto kule shuleni, mbuzi wa ng'ambo ya mto wanainua vichwa. Anavaa gambuti mwaka mzima, jua au theluji, na akitembea utasema anafuatwa.

Kazaliwa upande wa pili wa mto, mtoto wa kwanza kwao. Alipokuwa darasa la nne mama yake akaenda kutafuta kazi mjini Maseru, akamwachia kaka mchanga. Mme Makhauta hakubisha. Akamfunga mgongoni, akaenda naye shule. Kaka akalia. Akalia hesabu, akalia kusoma, akalia hadi sala. Mwalimu akamwambia, "Binti, mpeleke huyo nyumbani. Ukimaliza kumlea, urudi."

Akaenda. Sasa mtoto anamalizwa kulelewa lini? Alipokuja kuanza kula mwenyewe na kujitafutia viatu, dada mtu alikuwa ameshaposwa.

Lakini usidhani analia. Huyo kaka siku hizi ni askari polisi kule nyanda za chini, mrefu, ana masharubu, na akija kumsalimia dada yake na zile sare, Mme Makhauta anampitisha kijiji kizima. "Huyu hapa," anasema. "Wengine wana vyeti ukutani. Changu kinatembea."

Akaolewa na Ntate Khoabane, mchimba migodi wa Afrika Kusini, mtu mpole ambaye alirudi na kifua kibovu na utani ukiwa mzima. Wakapata mtoto mmoja, Khauta. Ili maisha yaende, mama akachukua kazi ya kupika shuleni kwetu. Papa, ule ugali wetu, na maharage, papa na moroho, mboga za majani, na Ijumaa, kama mambo mazuri, yai.

Sasa pale jikoni ndipo alipoona alichokiona. Wasichana walikuwa wanakuja shule na wadogo zao, kwa sababu mama yuko kiwandani Maseru, bibi yuko shambani, nani akae na mtoto? Mwalimu hataki kelele darasani. Kwa hiyo wanawaweka nje, wamekaa wameegemea ukuta upande wa jua, wamefungwa mablanketi kama mizigo inayosubiri basi. Na ndani wenye mizigo hawaangalii ubao, wanaangalia dirisha. Kuna siku msichana mmoja alikuwa anasoma kwa sauti mbele ya darasa huku kichwa kiko nje ya dirisha anachungulia mdogo wake asile udongo.

Mme Makhauta akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema neno moja.

"Leteni."

Ndivyo chekechea yetu ilivyoanza, sherehe hakuna, hotuba hakuna. Jiko likajaa. Wakaungua wawili watatu, si sana, wakafundishwa kuogopa moto. Akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ile nyumba ya msonge iliyokuwa pembeni ya uwanja, ndani ya uzio wa shule. Ilijengwa na wafugaji kwa mawe yao ili kuweka sufu ikishanyolewa, isiibwe, huku wakisubiri lori. Lakini lori lilikuwa halipandi tena kwetu, barabara imeliwa na mvua, nyumba ikabaki na buibui na harufu ya kondoo.

Mwalimu mkuu akasema, "Chukua, lakini kwa muda tu."

Ile "kwa muda" ilikua, ikaota meno, ikaanza darasa la kwanza. Yaani watoto waliingia, wakatoka, wakahamia darasa la kwanza hatua chache tu kutoka pale, wanajua choo kiko wapi, wanajua kengele inasema nini, hawalii. Na wasichana wakawa wanakuja. Hilo ndilo hasa. Unamwacha mdogo wako mlangoni, unamwambia "usiume watu," unakimbia darasani. Mapumziko unakwenda kumchungulia. Mimi nilimaliza darasa la saba kwa njia hiyo, na wenzangu wote wa dawati langu pia.

Tatizo likaja mwaka ule nilipokuwa darasa la saba. Barabara ikatengenezwa. Lori la sufu likarudi. Na Ntate Sekhobe, mwenyekiti wa wafugaji, akaikumbuka nyumba yake.

Ntate Sekhobe si mtu mbaya, niseme mapema. Ni mtu wa blanketi zuri, pini kubwa kifuani, fimbo iliyopakwa mafuta. Akizungumza anatua katikati ya sentensi ili usikie vizuri jinsi alivyo sahihi. Akaja uzioni akamwambia Mme Makhauta, "Mama. Umetutunzia nyumba. Tunashukuru. Sasa manyoya yanarudi."

"Na watoto waende wapi, Ntate?"

"Kwako. Una nyumba."

"Kwangu ni ng'ambo ya korongo."

"Watoto wana miguu."

"Wale wa kwangu wengine hawana bado. Wanabebwa."

Maana hesabu yenyewe ni rahisi. Chekechea ikiwa kwake ng'ambo ya korongo, dada hawezi kushuka kumpeleka mdogo, kupanda, na kuwahi kengele. Atakaa nyumbani. Na sisi tulikuwa tunajua kukaa nyumbani kunaishia wapi, tulikuwa tunamtilia sukari kwenye chai kila siku mtu aliyeambiwa ukimaliza urudi.

Ofisi ya elimu ya wilaya ikawa upande wetu, lakini kwa sharti. Wakasema watalipokea lile darasa la watoto liwe sehemu ya shule kabisa, Mme Makhauta apelekwe mafunzo, apate mshahara wa kweli. Ila nyumba ni ya wanakijiji, kwa hiyo wanakijiji wenyewe waitoe kwenye pitso, mkutano wa wote, mbele ya ofisa. Tukaita pitso. Wakaja akina mama tu. Tukaita tena. Wakaja akina mama tena, na Ntate Sekhobe, ambaye alisema kwa upole, "Wenye sufu wako juu malishoni na kondoo. Bila wao hakuna uamuzi." Na hapo, unajua, alikuwa sawa.

Basi ofisa akasema atakuja mara moja tu, mara ya mwisho. Watu wakiwepo, wataamua. Wasipokuwepo, nyumba inarudi kwa wenyewe na yeye anapeleka nafasi ile kijiji kingine.

Sasa subirini niwaeleze bendera.

Kwetu ukiona kitambaa cheupe juu ya mti mrefu, pale pana pombe ya mtama. Njano ni pombe ya mahindi. Nyekundu, kuna nyama. Kijani, mboga. Hakuna anayefundishwa, unazaliwa unajua, kama unavyojua mlango wa kwenu. Mme Makhauta alitaka bendera yake, kwa sababu siku nyingine alikuwa akimpeleka Ntate Khoabane kliniki, na akina mama wa ng'ambo ya mto walikuwa wanawatuma watoto wanakuta mlango umefungwa. Bendera ikiwa juu, nipo, leteni. Akakwepa rangi zote za watu. Akakata pindo la seshoeshoe yake, nguo ya buluu iliyoiva kabisa, ya maua madogo madogo, akaipandisha.

Buluu. Sote tulijua ni buluu. Ukiuliza mtu yeyote kijijini angekwambia buluu, bila hata kuinua macho.

Na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwamba hakuna aliyeinua macho. Jua la huku juu halina mchezo. Likainyonya ile buluu kidogo kidogo, mvua ikaisuuza, upepo ukaipiga, na sisi tunapita chini yake kila asubuhi tunasema bendera ya buluu ile pale.

Siku ya ofisa ikafika. Mme Thakane, mwanamke wa mjini, mpole, viatu vya heshima, alipanda farasi wa kukodi kutoka barabarani na alishuka anatembea kama mtu aliyeketi kwenye pipa. Akina mama walikuwa wameshafika. Mwalimu mkuu kavaa tai. Mme Makhauta kafua aproni, kawapanga watoto kwenye ngozi za kondoo kama karanga juani. Sisi wakubwa tulikuwa mapumziko, na mimi nikajipenyeza mlangoni kumwangalia Katiso, ambaye alikuwa ameahidi kutouma mtu.

"Na akina baba?" akauliza Mme Thakane.

Ntate Sekhobe akakohoa kwa furaha ndogo.

"Wako malishoni, Mme," akasema. "Kama ilivyo kawaida."

"Basi sijui tunafanyaje," akasema ofisa, na alionekana anaumia kweli.

Ndipo tukasikia kwato.

Walikuja kutoka mlimani kwa mteremko, farasi nyuma ya farasi, mablanketi yanapepea, mbwa wanatangulia. Ndio haohao wenye sufu! Walikuwa wanashuka na kondoo kuja kunyoa, kondoo wamewaachia wachungaji nyuma, wao wameona kitu wakakata kona. Mbele kabisa alikuwa Ntate Lehlomela, mtu mwenye tumbo na kelele, ambaye hata kwenye msiba lazima acheke mara moja. Akafunga farasi kwenye uzio wa shule. Akapiga makofi ya kubisha hodi.

"Khotso, akina mama! Amani! Tumeiona kutoka kule juu kabisa, macho yetu yakatoka machozi. Mme Makhauta, hatukujua umeanza biashara. Mimina, mama, koo limekuwa barabara!"

Mwalimu mkuu akashika tai yake kama inamnyonga. Mme Thakane akamtazama, akatazama watoto, akatazama wanaume, akauliza taratibu sana, "Hapa shuleni mnauza pombe?"

"Hapana!" wakasema akina mama wote kwa pamoja, na watu wakisema hapana kwa pamoja namna ile, unajua tu, wanaonekana waongo.

Mwalimu mkuu akamnong'oneza Mme Makhauta, nikasikia, "Waambie pombe iko nyumba ya jirani. Waambie waingie mkutanoni kwanza, pombe inakuja. Si tunawahitaji?"

Na ukweli alikuwa anafikiri vizuri, yule mwalimu. Wanaume ndio hao, wamekuja wenyewe kwa miguu ya farasi. Ungewaacha waamini kidogo tu. Nusu saa.

Mme Makhauta akatoka nje. Akainua kichwa juu kwenye mti. Akashika kofia isianguke. Akaangalia kwa muda, kisha nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka akashika magoti.

"Jamani nguo yangu!" akasema. "Nguo yangu ya harusi ya mdogo wangu! Imekuwa pombe!"

"Kwa hiyo ipo?" akauliza Lehlomela, akiwa na tumaini bado.

"Hakuna, Ntate. Hata harufu. Hii ni bendera ya watoto, ilikuwa buluu, jua limeipausha ikawa nyeupe, limenidanganya na limewadanganya na nyinyi. Nina motoho, uji wa mtama, mchachu, wa watoto. Ni mtama uleule, ila huu haukuangushi. Na kuna mkutano kuhusu nyumba hii. Anayetaka kwenda aende, sitamkasirikia. Anayetaka kukaa, akae akijua anakalia nini."

Lo! Wanaume walivyonyong'onyea! Mmoja akapanda farasi palepale. Mwingine akasema, "Nimemwacha kondoo mgonjwa kwa ajili ya uji?" Lehlomela peke yake alikuwa anacheka mpaka anapiga farasi wake mgongoni. Na Ntate Sekhobe, huyu sasa, akatoka mbele amechangamka.

"Msiende!" akasema. "Mko wenye sufu wote. Ofisa yupo. Tuamue leo, nyumba irudi, tumalize."

Hapo moyo wangu ukashuka kwenye soksi. Kwa sababu ni kweli walikuwa wenye sufu wote. Bendera ya Mme Makhauta ilikuwa imemwitia watu waliotaka kumtoa.

Wingu lilikuwa limekuja nyuma ya mlima wakati sisi tunacheka. Huku kwetu halibishi hodi. Jiwe la kwanza la barafu likapiga bati la jiko, paa! La pili likapiga kofia ya Lehlomela. Halafu mbingu yote ikamwaga kapu.

Wote tukakimbilia ndani ya msonge. Akina mama, wanaume, ofisa, mwalimu mkuu na tai yake, sisi wa mapumziko, na watoto waliokuwemo. Ilikuwa imejaa hadi pumzi ilikuwa ya zamu. Radi ikapasua.

"Chini!" akapiga kelele Mme Makhauta. "Kaeni chini wote! Kwangu radi haisimamiwi! Ntate Lehlomela, mbali na mlango! Ntate Sekhobe, chini!"

"Mama, mimi ni mwenyekiti."

"Radi haijui. Chini!"

Akakaa. Kwetu radi ikipiga unakaa chini, unanyamaza, huchezi nayo. Hata Lehlomela alinyamaza. Nje ilikuwa kelele kama kokoto zinamwagwa kwenye ndoo, ndani giza, harufu ya mablanketi yaliyolowa na farasi.

Na watoto wakaogopa. Sasa wale watoto, wakiogopa, wamezoea kitu kimoja tu, kuingia chini ya blanketi lililo karibu. Na siku ile mablanketi yalikuwa mengi na makubwa, yana joto, yana watu ndani. Nikaona kichwa kimoja kinaingia kwa mzee mmoja mwenye mbwa. Kingine kwa Lehlomela, na kingine, na kingine, tumbo lake likawa kijiji. Katiso akaingia kwa ofisa ambaye hakuwa na blanketi, alikuwa na koti, akatosheka nalo.

Moliehi alikuwa mtoto mdogo kuliko wote, aliyelelewa na bibi yake, na ndiye aliyeogopa radi kupita maelezo. Alilia mpaka akawa hatoi sauti, mdomo umefunguka tu. Akatambaa akiwa amefumba macho. Akafika kwenye blanketi lile zuri lenye pini kubwa. Akalinyanyua. Akaingia.

Ntate Sekhobe akamwangalia kana kwamba mwanakondoo kaingia kanisani. Akatazama huku na huku nani amletee msaada. Kila mtu akawa anaangalia paa. Kisha radi ikapiga ile kubwa kabisa, na blanketi lake likatetemeka lote kwa ndani, na nikauona mkono wake, ule wa fimbo, unaingia chini polepole na kukaa hapo.

Mvua ya mawe ikapita kama ilivyokuja. Nje kukawa kweupe, jua likachomoza, maji yanadondoka. Hakuna aliyeinuka haraka. Mme Makhauta akagawa motoho kwenye vikombe vya watoto, vile vidogo vya plastiki, na wanaume wa malishoni wakavishika kwa vidole viwili.

"Tuamue basi," akasema Mme Thakane. "Nani anaanza?"

Ntate Sekhobe akaanza, bila kusimama, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Mawe ya nyumba hii. Nimebeba mimi. Na hawa. Kondoo ndio wanaotuvalisha. Ndio wanaolipa sare za shule za watoto haohao. Sufu ikilowa, tumekwisha wote. Sisemi uongo."

"Husemi uongo," akasema Mme Makhauta. "Mawe ulibeba, nilikuona. Mimi siombi mawe, Ntate. Naomba watoto wawe mahali ambapo dada zao watasikia kengele. Niliambiwa mtoto akimaliza kulelewa nirudi shule. Sikurudi. Lakini tangu tumeingia humu ndani, hakuna msichana wa kijiji hiki aliyeambiwa maneno yale. Ijengeeni sufu nyumba nyingine, tutabeba mawe na sisi. Wasichana huwezi kuwajengea baadaye."

Mtu akanyonya motoho kwa kelele.

Mme Thakane akasema, "Sina haja ya maneno mengi. Anayetaka nyumba iwe ya sufu, atoke asimame nje. Anayetaka iwe ya watoto, abaki."

Wakaanza kutoka. Jamani. Mmoja, wa pili, yule wa kondoo mgonjwa, wengine nyuma yake, wanawatoa watoto chini ya mablanketi kwa adabu, wanawaweka kwenye ngozi, wanatoka. Hawakuwa wabaya, walikuwa wenye sufu. Mme Makhauta alikuwa amesimama kando ya sufuria, amenyooka kabisa, hakumwangalia hata mmoja kwa jicho la kuomba. Nilitaka kulia na nilikuwa najivunia kwa wakati mmoja, sijui kama inawezekana, ila ndivyo ilivyokuwa.

Wale wa nje wakageuka. Kuna mmoja hajatoka.

"Mwenyekiti!" wakaita. "Njoo, tunakusubiri!"

Ntate Sekhobe akavuta blanketi lake karibu.

"Ntate Sekhobe! Barafu inatuingia viatuni!"

"Nyamazeni," akasema kwa kunong'ona kwa hasira. "Mtamwamsha."

"Nani?"

"Amelala."

"Mwamshe uje!"

"Mwamshe wewe! Wewe unajua amelia kiasi gani mpaka akalala? Ulikuwepo chini ya blanketi hili?"

Lehlomela, ambaye naye alikuwa hajatoka kwa sababu alikuwa na watoto watatu juu yake na hakuwa na mpango wa kuhama, akaanza kucheka kwa tumbo tu, bila sauti, na wale watoto wakawa wanapanda na kushuka.

Ntate Sekhobe akatazama chini. Akasema, akiwa bado ananong'ona, "Nina zizi. La mawe. Pale chini lori linapogeuzia. Lina paa."

Lehlomela akaacha kucheka. "Una ghala barabarani muda wote huu, na sisi tunapandisha sufu mlimani?"

"Lina mbuzi wangu."

"Mbuzi!"

"Mbuzi watahama," akasema Ntate Sekhobe. "Nimesema. Wekeni sufu pale. Ingieni mfunge mlango, baridi inaingia kwa mtoto."

Wakarudi mmoja mmoja, wanakanyagakanyaga barafu mlangoni, na wa kwanza hajaweka mguu ndani, sauti ikatoka chini ya kofia ya nyasi: "Futeni miguu!" Wakafuta. Wakafuta wote, wanaume wazima na ndevu zao. Mme Thakane akasema nyumba imetolewa, watu wameona, na kuanzia leo hili ni darasa la shule ya Ha Phallang na mwalimu wake ni huyu. Akina mama wakapiga vigelegele, Moliehi akaamka, akalia, ikawa basi tena.

Jioni nilimsaidia kubeba sufuria kwake ng'ambo ya korongo. Alikuwa anatembea kwa kasi ileile ya siku zote, ila alikuwa anamsalimia kila mtu kwa jina lake na la baba yake, mpaka mbwa aliwasalimia. Ntate Khoabane alikuwa amekaa mlangoni na blanketi lake, anasubiri habari.

"Wamekubali," akamwambia.

"Nani?"

"Wanaume. Wote. Mpaka Sekhobe."

Ntate Khoabane akafikiri. "Walikuwa wamelewa?"

"Hata tone, baba Khauta," akasema Mme Makhauta, akavua gambuti moja, akavua la pili. "Hata tone moja."